Kinyume cha Dafu

3 Aprili

Umeme umekatika tangu adhuhuri. Mashine ya fotokopi imenyamaza, simu imezima, na mteja wa mwisho ameondoka na nusu ya kazi yake huku akinilaumu, kana kwamba mimi ndiye ninayeshika swichi ya mkoa mzima. Mvua inapiga bati la duka na barabara hapo nje imekuwa mto. Basi nimechukua daftari hili lenye jalada lililokatwa upande, ambalo hakuna mteja aliyelitaka tangu mwaka jana, na nimejiwekea sharti: umeme ukiwepo nafanya kazi, ukikatika naandika. Kwa masika ninavyoyaona, nitalimaliza.

Mama alikuja na chai kutoka nyuma ya duka, tunakokaa mimi na yeye tu.

"Afra, hiyo kazi yako ya simuni isiyo na mshahara ni kazi gani hasa?"

Nikamweleza tena. Kuna mchezo unaitwa Visiwa Saba, watu wa nchi nyingi wanaucheza pamoja kwa simu. Kila mtu ana kisiwa chake, anapanda minazi, anajenga, anauziana na wenzake, na fedha ya huko ni nazi. Tunakutana kuzungumza mahali panapoitwa Bandarini, na sisi wa Kiswahili tuna bandari yetu. Mimi na wenzangu wachache ni walinzi wa kujitolea. Tunawafukuza wauza nazi, watu wanaokuja kupiga kelele Bandarini kwamba wanauza nazi za mchezoni kwa pesa za kweli. Hilo limekatazwa, maana nyingi ya nazi hizo zimeibwa kwenye visiwa vya wengine.

"Kwa hiyo wewe mgambo," mama alisema.

"Ndiyo. Mgambo wa nazi."

"Za uongo."

"Za uongo, mama."

"Na za kweli kule Mwera zaokotwa na kila apitaye."

Tangu bibi afariki hakuna aliyekwenda kulitazama shamba lake la minazi la huko, wilayani Pangani. Mama akachukua kikombe akarudi ndani, nami nikabaki nikicheka peke yangu. Laiti angejua tulivyohangaika na mchezo wenyewe. Kampuni iko mbali, na mashine yao ya kuchuja maneno mwanzoni ilikuwa ikilifuta neno nazi kila tulipoliandika, kwa sababu huko kwao nazi ni watu waovu wa vita vya zamani. Tulikaa mwaka mzima tukipanda minazi tusiyoweza kutaja matunda yake.

Sababu ya kweli ya mimi kukaa mlinzi sikumwambia. Kisiwa changu alinifungulia mdogo wangu Nadir, wiki ile kabla hajasafiri kwenda Maskati, ili tuwe tunaonana huko. Kisiwa chake kiko jirani na changu. Kimeota magugu, maana mchezo huotesha magugu mahali ambapo mwenyewe haji. Nadir hajaja huko, wala hajapiga simu nyumbani, kwa miaka sita.

6 Aprili

Mvua. Umeme ulirudi kabla sijapata la kuandika.

9 Aprili

Mkubwa wetu wa walinzi anaitwa Asheri, ana duka la pembejeo Maramba. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Namjua kwa jumbe zake za sauti tu, na kwa kupenda sheria kuliko mwenye kuzitunga. Kila ujumbe wake huanza kwa "Bwana asifiwe, dada Afra," nami humjibu "Asalaam aleikum, kaka Asheri," na kila mmoja wetu anajua mwenzake anatabasamu. Leo asubuhi hakukuwa na tabasamu.

"Dada Afra, kuna lugha imeingia Bandarini. Mashine haiikamati na mimi siielewi. Nimewauliza Wadigo wa hapa wamesema si yao, labda Kibondei. Mbondei nimemuuliza kacheka, kasema hicho Kishambaa. Sasa mimi Msambaa, nakwambia si chetu."

Alinitumia maneno yenyewe, kama yalivyorudiwa Bandarini kila baada ya dakika chache:

Fuda kozi. Ibe sirahi. Onjo ghafara.

Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Ni kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaileta mbele, basi. Ziko inakuwa kozi, bei inakuwa ibe, rahisi inakuwa sirahi. Njoo faragha. Mtoto gani wa pwani hakuzungumza kinyume, akidhani wakubwa hawasikii? Mashine ya kampuni imefundishwa kukamata nauza, bei na rahisi, na mtu kaipita kwa mchezo wa watoto. Nilimvulia kofia.

Kisha nikalisoma tena neno la kwanza, na kicheko kikanikauka.

Fuda ni dafu. Lakini huyu hauzi madafu, anauza nazi. Na nazi kwa kinyume ni zina. Najua vizuri, maana kwa neno hilo nililia machozi. Tulikuwa Mwera kwa bibi, likizo ya masika kama hii, bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na Nadir, wakati huo meno ya mbele yameng'oka, akanigeukia kwa siri akaniambia, "Peni zina." Nipe nazi. Bibi alichosikia ni mjukuu wake wa kiume akiomba zina mchana kweupe. Mwiko uliruka. Ulimpata yeye, ukanipata na mimi kwa kumfundisha. Tangu siku hiyo tulikubaliana nyuma ya banda: nazi kwetu ni fuda, hata iwe kavu na imeota. Hakuna mwingine aliyekuwa kwenye mkutano ule ila kuku.

Nimekaa na simu mkononi mpaka ilipozima. Nimejikatalia mwenyewe. Labda ni mtu tu anayejua kwamba zina inafutwa na mashine, maana niliiweka mimi mwenyewe kwenye orodha. Labda.

Asheri nimemwambia kwamba ninaichunguza.

10 Aprili

Umeme umekatika saa moja tu. Mama anauliza kwa nini nimemkaanga samaki mara mbili.

15 Aprili

Leo mvua haijaacha tangu alfajiri, na hakuna mtu dukani, basi niandike kuhusu Nadir.

Alikuwa mcheshi. Angeweza kumwigiza shangazi yeyote wa ukoo wetu, na tuna mashangazi wengi, mpaka shangazi mwenyewe akacheka. Alipopata nafasi ya kazi kwenye duka la binamu wa marehemu baba huko Maskati, nyumba ilijaa. Asubuhi ya safari mama alimshika mabega pale mlangoni akamwambia, "Nenda, na usije ukarudi mikono mitupu." Watu wote wakacheka. Ni neno la kawaida, mtu yeyote anayesafiri huambiwa. Mama alimaanisha halua na udi.

Mwaka wa kwanza alipiga kila Ijumaa. Mwaka wa pili alipiga kwa nadra, sauti yake ikiwa na haraka. Kisha binamu akatuarifu kwamba Nadir ameacha kazi, wala hajui alikokwenda, na simu yake ikawa haipatikani. Tumeuliza kwa kila anayetoka huko. Mama hasemi kitu, lakini kila Idd hutoa kanzu ya Nadir kabatini, huipiga pasi, kisha huirudisha.

Juzi umeme ulipokuwepo nilimwandikia yule mwuzaji faraghani. Nilitafuta maneno mengi nikayafuta. Mwisho niliandika: Rinadi, ni wewe?

Nilitazama maneno hayo nikacheka kidogo. Jina lake tu ndilo lililogeuka. Wewe ukiigeuza inabaki wewe.

Hajajibu. Lakini kelele zake Bandarini zilisimama kwa muda mrefu kabla hazijaendelea.

18 Aprili

Mvua, giza, mbu. Hakuna jibu.

22 Aprili

Leo nimeona aibu.

Kuna mchezaji mwenzetu anaitwa Anastazia, muuguzi wa Muheza, mjane. Kisiwa chake alikijenga na marehemu mumewe, jioni kwa jioni, kila mtu na simu yake kwenye kochi moja. Walikuwa na kibenchi chini ya minazi ambapo mtu wa mchezoni wa mumewe alikuwa akikaa. Alipofariki, Anastazia alikiacha kibenchi hivyo hivyo, na sisi wote tulizoea kupita pale kumsalimia.

Wiki hii alitaka kupanua bustani, akapungukiwa nazi. Muuguzi mwenzake wodini, mtoto wa Pangani, akamtafsiria yale maneno ya Bandarini. Akaenda faragha. Huko akapokewa na mtu mwingine, anayeandika Kiswahili kilichonyooka, akamwomba neno lake la siri ili "amwekee nazi moja kwa moja." Akampa. Asubuhi yake kisiwa kilikuwa mchanga mtupu. Minazi imekatwa, nyumba imeuzwa, kibenchi kimeuzwa.

Hakulalamika. Aliweka tu picha ya ule mchanga Bandarini, na chini yake akaandika, "Samahanini wageni, leo hapana pa kukaa."

Asheri alinipigia simu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Dada Afra, ile lugha umeshaijua?"

"Bado kidogo."

Nilisikia mtu anapima mbolea nyuma yake. "Dada, mimi nakuamini," alisema, kisha akakata.

Afadhali angenitukana. Najua ninachotakiwa kufanya. Nabonyeza mahali pamoja, kampuni inamfungia mwuzaji, yeye na simu yake, asionekane tena Visiwa Saba. Na kama ni Nadir, nitakuwa nimeukata kwa mkono wangu uzi pekee tulioupata baada ya miaka sita. Sitajua alipo, na mama atazidi kuipiga pasi kanzu isiyo na mtu. Kila siku ninayochelewa, Anastazia mwingine anatafsiriwa maneno. Nimekuwa na hasira na Nadir siku nzima, hasira ile ya zamani ya kuvunjiwa sahani na kusingiziwa mimi.

29 Aprili

Asheri kasema neno leo asubuhi bila kujua alichosema.

"Huyu mwuzaji wetu anaogopa mvua kama paka," alisema. "Huku kwetu jana jua kali, nikakaa macho nimsubiri, kumbe nasikia nyinyi Tanga mmelowa na umeme umekatika. Naye hakutokea. Wiki iliyopita vivyo hivyo."

Nilitaka kumjibu kwa utani, nikashindwa. Mimi naandika humu umeme ukikatika. Na siku ninazoandika, yeye hayupo. Tarehe tisa mchana hakuwepo, kumi na tano hakuwepo, ishirini na mbili hakuwepo, wala jana, siku niliyochoka nisiandike. Umeme wa Maskati haukatiki kwa mvua ya Tanga.

Yuko hapa. Sijui ni mtaa gani au kijiji gani, lakini anatazama mawingu haya haya ninayoyatazama mimi. Tumetuma salamu mpaka Salala na Suri kule Omani, na yeye labda anasikia adhana moja na sisi. Nimelia hapa dukani nikiwa nimeshika karatasi za kufunikia madaftari, mteja akaingia akatoka kimya kimya. Mungu amlipe kheri.

30 Aprili

Sijamwambia mama. Nitamwambia nini? Kwamba mwanawe yupo karibu na hataki kuja?

4 Mei

Hili lazima niliandike lote.

Mvua ilianza baada ya swala ya adhuhuri na umeme ukaondoka nayo. Nilifunga duka nikaenda kukaa na mama uani, yeye anachagua mchele kwenye ungo, mimi na simu, ambayo leo ilikuwa na chaji. Nilikuwa natunga ujumbe mwingine wa kumwachia aukute umeme ukirudi. Kinyume kinataka kutamkwa ndipo ujue umekipatia, basi nilikuwa nanong'ona, nikijua mama hana habari.

"Rinadi, diru ninyumba..."

"Wamwambia nani arudi nyumbani?" mama aliuliza. Hakuinua macho kwenye ungo.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Rinadi ndiye nani, Nadir? Wazungumza naye wewe?"

"Mama, unajua kinyume?"

"Mwanangu, kinyume chetu sisi wa Pangani kilikuwa cha kasi. Nyinyi mlikuwa mwajikokota."

"Siku zote ulikuwa unatuelewa?"

"Kila neno."

"Na hukusema?"

"Ningesema mngetafuta lugha nyingine, nami ningejuaje sukari yangu yaenda wapi?"

Utoto wangu mzima nilikuwa na chumba cha siri chenye watu wawili, kumbe mama alikuwa amekaa humo humo, kimya, anashona. Nilikumbuka mambo tuliyoyasema mbele yake nikaona haya hadi masikioni. Neno moja tu lilikuwa likitushinda kulificha, nalo ni lake mwenyewe. Mama ukiligeuza linabaki mama, kama dada, kama kaka. Kila tulipotaka kumsengenya tulilazimika kumwita "yule."

Alisukuma ungo pembeni. "Niambie."

Nikamwambia yote: mchezo, fuda, Anastazia na kibenchi chake, na umeme. Alisikiliza bila kunikatiza, na hiyo si tabia yake. Nilipofika kwenye umeme alishika goti langu akalishikilia.

"Asubuhi ile kabla hajaondoka," alisema baadaye, "mlikuwa jikoni, mimi niko hapa hapa. Alikwambia panaogo. Wakumbuka?"

Nakumbuka. Panaogo, dada. Naogopa.

"Nilimsikia. Nikajisemea, nikimkumbatia hapa atalia, na akilia hatakwenda, na watu wamekwisha kuja kumuaga. Nikaona nimtanie, apate moyo. Ndipo nikamwambia yale ya mikono mitupu. Mtoto kaniambia anaogopa, nami nikamfungia mlango kwa mzaha. Miaka yote hii nalijua hilo, Afra, wala sikuwa na wa kumwambia, kwa kuwa nilitakiwa nisiwe nimesikia."

Sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili ya Nadir. Leo alilia, na mimi nikalia, na mchele ukalowa kwa mvua ya upande tukiutazama.

Kisha akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Andika. Usimwambie ni mimi. Andika hivi: Onjo nomiko pumitu."

Njoo mikono mitupu.

Niliandika. Nilikosea silabi, akanirekebisha.

"Halafu mfungie," alisema.

"Mama, nikimfungia hatutampata tena. Hatujui aliko."

"Yule mwanamke wa Muheza alijua aliko mumewe, kwenye kile kibenchi. Sasa hana. Mwanangu hawezi kukaa mlangoni pa watu akiwaita waje waibiwe, na dada yake ndiye mgambo. Mfungie. Akipata maneno haya na bado hataki, basi hataki."

"Na akitaka?"

"Njia anaijua," alisema, akavuta ungo wake, akaanza kuutoa mchele uliolowa.

5 Mei

Ujumbe ulikwenda umeme uliporudi asubuhi. Nilisubiri dukani, wateja wakanisubiri mimi. Karibu na adhuhuri alijibu, kwa neno moja.

Dada.

Nililisoma mpaka likapoteza maana na likairudisha. Halafu nikapiga moyo konde nikabonyeza. Jina lake likafifia, likaondoka, na Bandarini pakawa shwari. Mchana umeme umekatika tena, ndiyo naandika.

Nimempigia Asheri nikamweleza kila kitu, kwamba nilijua, kwamba ni mdogo wangu, kwamba nilichelewa. Nilikuwa tayari anivue ulinzi.

"Dada Afra," alisema, "mimi nina kaka yangu Tabora hatujasemeshana tangu msiba wa baba. Ningempata Bandarini anauza nazi, sijui kama ningebonyeza." Kisha, kwa kuwa Asheri ni Asheri, akaongeza kwamba kwa utaratibu nilipaswa kutoa taarifa mapema, na kwamba ameandika onyo, moja, na amelisaini kwa masikitiko.

11 Mei

Mvua. Hakuna mtu.

13 Mei

Asheri na walinzi wengine wameanza kupanda upya kisiwa cha Anastazia. Kibenchi tumekitengeneza cha mbao mpya. Yeye kasema si kile, lakini amekaa.

16 Mei

Mama kataka nimfungulie kisiwa chake. Amepanda mnazi mmoja na anaulizia kila saa kwa nini haukui.

19 Mei

Barabara ya Pangani wanasema imekatika mahali pawili. Asheri kauliza, "Amefika?" Anauliza kila siku. Nilimwona mkavu huyu mtu, kumbe.

23 Mei

Nimeota niko Mwera, bibi anakuna nazi. Nilipoamka nilikuwa nimeisikia kabisa ile sauti ya mbuzi ikikwaruza, nikajua sitasinzia tena.

26 Mei

Umeme upo tangu asubuhi. Naandika hivyo hivyo, sharti limevunjika.

Nadir amelala chumba cha nyuma, na kanzu iliyopigwa pasi imetundikwa mlangoni mwake kwa ajili ya Idd kesho. Amekonda na ana mvi mbili sharubuni. Ametueleza kidogo kidogo, huku akila, na sisi hatukumharakisha. Binamu alimfukuza kazi mwaka wa pili kwa hesabu zilizopungua, ambazo anaapa si zake. Alifanya vibarua mpaka akapata nauli, akashuka Dar es Salaam na begi moja, akapanda basi la Tanga, na alipofika kona ya mtaa wetu akalikumbuka lile neno la mlangoni. Akageuka akaenda Mwera. Anaishi kwenye nyumba ya bibi. Anakwea minazi ya bibi kwa mikono yake, na kuna watu asiowahi kuwaona waliomtumia simu za kupigia kelele Bandarini, akizichajia dukani kwa mtu. Kuhusu Anastazia hakujua mpaka nilipomwambia. Aliacha kula. Kasema atamwandikia mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mimi nimemwambia nitampeleka Muheza kwa miguu yake, si kwa simu.

Sasa niandike la mlangoni leo, kabla halijaanza kupambwa.

Ilikuwa baada ya alasiri, mvua nyembamba. Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi uani anakuna nazi za Idd, mimi nachemsha tui. Mlango wa nyuma uligongwa kwa kucha, polepole, kama mtu anayetaka asikiwe na mmoja tu ndani ya nyumba. Kisha sauti, chini kabisa, ikaniambia mimi:

"Diho."

Mwiko ulinitoka mkononi. Mama hakuacha kukuna. Alivuta pumzi moja, akajibu kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumkaribisha jirani:

"Bukari."

Nilifungua mlango. Nadir alikuwa amesimama amelowa chapachapa, macho yamemtoka, na mkononi ameshika kole zima la madafu lililofungwa kwa kamba ya makumbi.

"Nani kamfundisha?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Nilisema mikono mitupu," mama alisema kutoka kwenye mbuzi. "Hata kwa kinyume husikii."

Alinitazama mimi kwanza, kama tulivyokuwa tukitazamana tukikamatwa. Kisha akaweka madafu chini, akamgeukia yeye. Alifungua mdomo akaufunga, nikajua anatafuta namna ya kuligeuza lile neno, ajifiche nyuma yake kidogo tu, kama zamani. Halikugeuka.

"Mama," alisema.